Neno Ndani ya Kamani

Nianze na swali linalonikera, maana nikiliweka kiporo litaniharibia kazi. Nguvu ikishatoka mkononi mwa mtu ikaingia ndani ya kitu, inabaki kuwa ya nani? Mtu anaamka, anaitia saa yake ya mfukoni ufunguo, anakizungusha kile kichwa chake kidogo kwa dole gumba na kidole cha shahada mpaka kinakaza, kisha anaitumbukiza mfukoni na kuisahau. Mchana kutwa saa inakwenda. Je, ni nani anayekwenda? Vile vidole vimekwisha kumega ugali, vimekwisha kukuna ndevu, vimekwisha kulala usingizi wa adhuhuri, na bado ndani ya kikopo cha shaba kisichozidi kifungo cha koti, kamani inajikunjua kidogo kidogo kwa nguvu yao. Kamani yenyewe si kitu cha ajabu. Ni utepe mwembamba wa chuma uliokunjwa kwa lazima, na siku zote unataka kujinyoosha. Swali langu nimewauliza watu wengi, na wengi wamenijibu kwamba mimi ni fundi saa, nitengeneze saa.

Mji wetu ulikwisha kulijibu kabla sijazaliwa, kama kweli kuna siku nilizaliwa. Hapa tunaamini kwamba mtu anapotia saa ufunguo, neno analolitamka wakati ule linakunjwa humo humo pamoja na nguvu yake, nalo linakuwa amri nyumbani mwake hadi kamani iishiwe. Ndiyo maana kila nyumba ina saa moja na mtu mmoja wa kuitia ufunguo. Asubuhi watu wa nyumba wanasimama nyuma yake, mikono kifuani, naye anazungusha na kusema. Leo mtachimba viazi. Leo fulani haolewi. Leo hakuna kucheka mpaka mvua inyeshe. Kesho yake analirudia au analibadili. Na akifa, nyumba nzima inakaa chini kuisubiri saa yake iishiwe, siku moja na saa chache, wakilitii neno la mwisho kama alivyoliacha. Saa ikinyamaza wanainuka, wanaosha vyungu, na kwa kitambo kidogo kila mmoja anafanya lake, mpaka mrithi aishike saa. Kwingine husemwa asiyekuwapo na lake halipo. Kwetu asiyekuwapo ndiye mwenye lake kuliko wote.

Tena hatuna wakati mmoja. Saa ya nyumba hii haiijui saa ya nyumba ile, kwa hiyo ukitoka kwa jirani baada ya chakula cha mchana unaweza kuingia kwako alfajiri, majogoo wakiwika. Nimewahi kunywa uji mara tatu kwa siku moja kwa kutembelea watu tu. Nimewahi kumwamkia mtu shikamoo, na tulipokutana tena yeye ndiye aliyeniamkia mimi. Hata mimi mwenyewe sina hakika ni fundi wa ngapi katika kiti hiki. Wateja huniuliza habari za saa alizozitengeneza mwalimu wa mwalimu wangu, nami nazikumbuka, hadi pale bisibisi ilipoteleza ikakwaruza. Wananiita Fundi, nami naitika, na sijaona haja ya kuchunguza zaidi ya hapo.

Siku ninayoisimulia, kwangu ilikuwa asubuhi, ukungu bado umekaa kwenye ngazi za mawe zinazopanda hadi kibandani kwangu. Nilikuwa nafuta lenzi yangu ya jicho nikaona mlango unapanda kilima. Mlango mzima, wa mninga, pamoja na fremu yake na bawaba zake, umebebwa wima na wanaume wawili wenye ndevu, mmoja huku na mmoja huku. Nyuma ya mlango, hatua moja, alikuwa anakuja Bi Sikitu. Sikushtuka. Mji mzima ulikwisha kumzoea.

Bi Sikitu ni mjane wa Mzee Mdoe. Asubuhi ya mwisho ya maisha yake Mzee Mdoe aliitia saa yake ufunguo, akamwambia mkewe, “Usiuvuke mlango huu mpaka nirudi,” akaenda kunyolewa. Alifia kwenye kiti cha kinyozi, povu la sabuni likiwa shavu moja. Nyumba ikakaa kuisubiri saa iishiwe, nayo haikuishiwa. Ilisimama pale pale alipokata roho, saa mbili kasoro dakika tano, ikiwa bado imejaa. Mafuta yake yalikuwa yamekauka yakawa gundi, magurudumu yakakwama, na nguvu ya marehemu ikabaki ndani haina pa kutokea. Na kwa kuwa nguvu ilibaki, neno nalo likabaki. Wazee walikaa vikao vingi wakitafuta njia ya kumsaidia mwanamke bila kumvunjia marehemu heshima, na busara waliyoipata ndiyo hiyo: mlango ung'olewe ukutani, ubebwe mbele yake popote aendapo. Hivyo anakwenda kisimani, anakwenda sokoni, anakwenda mazikoni, na hajauvuka. Kwa hesabu ya majirani ni miaka saba. Kwake ni asubuhi ile ile moja, na birika la chai liko jikoni halijapoa.

Mbele ya wote alitembea Kaniki, mdogo wake marehemu na baba wa wale wabeba mlango, mtu mwenye tumbo la heshima na mdomo usiotulia. Alikuwa ameifunga saa kwa kitambaa cha hariri.

“Fundi, wazee wamekubali,” akaniambia kabla ya salamu. “Kamani ya kaka itolewe, itiwe mpya. Nyumba haiwezi kuishi kwa neno moja milele.”

“Na mtia ufunguo atakuwa nani?”

“Si ndiye mimi niliyebaki?” Akakohoa kidogo. “Hata maneno nimeshayaandaa.”

Sikumwuliza ni maneno gani. Nilimwona tu anayatembeza mdomoni, akisikilizia utamu wake, nikakumbuka kwamba mtu huyu maisha yake yote amesimama nyuma ya kaka yake na mikono kifuani. Ningekuwa na moyo mwema zaidi ningemhurumia.

Desturi ya kazi yangu ni hii. Saa ya marehemu ikifunguliwa, warithi hukaa nje na mjane hukaa ndani. Fundi huiachia nguvu ya zamani polepole, na inapopita vidoleni mwake yeye peke yake hulisikia neno lililomo, kwa sauti ya mwenyewe. Watu wanaamini kwamba mdomo waweza kusema hili na mkono ukakunja lile, na la mkono ndilo la kweli. Kisha fundi hutia kamani mpya, huijaribu kwa mizunguko michache akiwa ameuma kijiti, neno lake yeye lisije likaponyoka likaingia katika nyumba ya watu, ndipo hutoka kizingitini kuwaambia waliongoja marehemu kasema nini. Nao hulitii neno hilo pale pale ngazini, kumpa marehemu heshima ya mwisho, mpaka mrithi atakapoishika saa na kutamka la kwake.

Wale wanaume wakausimamisha mlango katikati ya kibanda, ukakigawa pande mbili. Upande huu nikawa mimi na meza yangu, chini ya dirisha. Upande ule akakaa Bi Sikitu kwenye kigoda. Wakatoka. Nje watu walikwisha kujaa, maana neno la mwisho la mtu halikosi wasikilizaji.

“Fundi,” sauti yake ikaja kupitia mbaoni. “Hujambo?”

“Sijambo, Bi Sikitu. Pole na kilima.”

“Nimeshapoa. Nikuulize kitu. Ukishaitoa ile ya zamani, kabla hujatia mpya, pale katikati, amri inakuwa ya nani?”

Katika miaka yangu yote, na labda katika miaka ya waliokalia kiti hiki kabla yangu, hakuna aliyewahi kuuliza hilo. “Inakuwa haina mwenyewe,” nikasema.

“Kwa muda gani?”

“Muda wa kusafisha kikopo na kukipaka mafuta. Kama wa kumenya viazi vya watu wawili.”

“Utanitosha.” Akashusha sauti, wale wa nje wasisikie. “Dada yangu Mwaija anaumwa. Mlango huu hauenei kwenye mlango wake. Miaka yote hii nazungumza naye dirishani, nimesimama nje kwenye majani, naye amelala, sasa hata kugeuka hageuki. Kwake imeshafika magharibi, Fundi. Saa yake inakokota. Nataka niingie nikae kitandani pake nimsuke nywele. Akiondoka na nywele zile zilivyo, nitaona aibu mpaka kiama.”

“Na Kaniki akishatamka?”

“Neno la Kaniki nalijua, analifanyia mazoezi bafuni. Mjane wa kaka akae ndani, mlango urudishwe ukutani.” Alilisema bila uchungu, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. “Kwa hiyo ni leo, Fundi, au ni basi.”

Nikakifungua kifuniko cha nyuma kwa ncha ya kisu. Ndani mlikuwa na rangi ya asali, mafuta ya zamani yameganda kwenye kila jino. Kuna komeo dogo, kama ukucha wa kifaranga, linalozuia gurudumu la juu lisirudi nyuma, na hilo ndilo linaloishikilia nguvu yote. Ukiliinua kwa pupa, kamani inafyatuka kwa mkupuo mmoja, inavunja meno ya gurudumu na wakati mwingine inamchana fundi kidole. Unakishika kichwa cha saa kwa vidole viwili, unaliinua komeo kwa ncha ya kibano, na unaiacha nguvu irudi jino kwa jino, vidole vyako vikiwa ndiyo breki.

Jino la kwanza. Vidole vyangu vinasukumwa. Ni dole gumba la Mzee Mdoe linalosukuma langu, kutoka asubuhi ambayo haijaisha. Jino la pili. Harufu ya sabuni ya kunyolea. Shavu langu moja lina baridi. La tatu, la nne. Mimi ni nani, ikiwa nguvu iliyo mkononi mwangu si yangu? Nimekaa kwenye kiti cha kinyozi. Hapana, nimekaa kwenye kiti changu, na kiti changu hakina pa kuegemeza kichwa. La saba. Kuna mtu nyumbani anachochea moto, nimemwacha nyuma ya mlango, kuna kitu nilitaka kumwambia. Nilitaka kumwambia nini? La kumi na moja. Sikiliza, Fundi. Zuia pumzi usikilize. La kumi na tano. Nasikia chuma. La ishirini. Nasikia chuma kinachotaka kunyooka. La ishirini na sita, nguvu imekuwa ndogo, inavuta kama mtoto anayekushika pindo la nguo. La thelathini. Kisha hakuna kitu, na vidole vyangu vimerudi kuwa vyangu.

Sasa niseme kweli, nimechelewa kuisema. Sijawahi kusikia neno ndani ya saa. Harufu nimenusa, baridi nimeihisi, maana mtu ukikaa kimya na nguvu ya mwingine mkononi huwezi kukosa kuota. Lakini neno, hapana. Saa ya kwanza niliyoifungua mbele ya mwalimu wangu, Bi Nyange, nilitoka jasho nikisikiliza, nikaona nimekosa kipaji.

“Umesikia nini?” akaniuliza.

“Sikusikia kitu.”

“Hata mimi sijawahi,” akasema, akipuliza vumbi kwenye meza. “Toka uwaambie kitu kizuri.”

Nikatoka nikawaambia marehemu amesema mpendane. Walikumbatiana pale ngazini mpaka vilemba vikaanguka. Tangu hapo nimetunga maneno ya mwisho mengi, mafupi, matamu, kila mtu na lake, na mji umenipenda kwa hayo. Niliona ni ukarimu. Kila nilipomwona Bi Sikitu akipita nyuma ya mlango wake nilijiambia kwamba siku saa ya Mdoe itakapoletwa kwangu nitamtungia neno zuri kuliko yote. Nilikuwa nalo tayari kwa muda mrefu. Nilikuwa hata nimelipenda.

“Haya,” Bi Sikitu akasema. “Kasema nini?”

“Amesema, mke wangu...”

“Usinitungie, Fundi.” Hakupaza sauti. “Nimelala na mtu yule miaka thelathini na mmoja. Hakuwahi kuniita mke wangu.”

Nikatazama bawaba za mlango. Zilikuwa na kutu ya mvua nyingi, na upande mmoja mbao ilikuwa imelainika pale mikono ya wabebaji ilipozoea kushika. Nilifikiri juu ya mikono hiyo, jinsi ilivyokuwa laini ilipoanza kazi na ilivyo sasa.

“Hakusema kitu,” nikasema. “Hakuna sauti humu, Bi Sikitu. Si kwenye yake tu. Hakuna kwenye saa yoyote. Ni chuma kilichokunjwa, basi.”

Nje Kaniki alikuwa anamweleza mtu jinsi atakavyosimama wakati wa kutamka.

“Umelijua hilo tangu lini?” akauliza.

“Tangu saa ya kwanza niliyoifungua.”

“Mdoe alikuwa hai?”

“Alikuwa hata hajakuoa.”

“Na ulikuwa unaniona napita hapa.”

“Nilikuwa nakuona.”

“Tena unanisalimia.”

“Ndiyo. Nilikuwa nakusalimia.”

Nilimsikia akivuta pumzi. “Mdoe alinifunga na hajui kama kanifunga. Yule alikuwa mtu wa maneno ya asubuhi, angerudi na ndevu zake zimenyolewa akaniuliza nimesimama nini hapo. Wewe ulijua kwamba sijafungwa, ukakaa na kibano chako. Sasa kati yenu wawili, Fundi, nimchukie nani?”

Nilitaka kumwambia niliogopa, na kweli niliogopa. Mji unaoamka kwa neno la saa, ukiambiwa hakuna neno, utaamka kwa nini? Nani atachimba viazi? Niliuona woga huo kuwa ni hekima, nikautunza. Lakini nilipoulizwa na mwanamke aliye nyuma ya mlango niliona kwamba kwa miaka yote nilikuwa nikitafuta mahali pasipo penyewe. Nilikuwa nikiuliza nguvu ni ya nani baada ya kutoka mkononi, ya aliyekunja au ya kilichokunjwa, na sikuwahi kumhesabu mtu wa tatu, yule anayejua kwamba kikopo ni kitupu na kila siku anasema wekeni masikio karibu. Bila mimi Mzee Mdoe angekuwa amekwisha kufa. Niliona aibu iliyonifanya nishindwe kukaza macho kwenye lenzi.

Nikafanya kazi, kwa sababu mikono yangu haijui kufanya kitu kingine. Nilikitoa kikopo, nikakifungua kifuniko chake, nikaivuta kamani ya zamani kutoka katikati. Kamani yenye afya ukiitoa hurusha mkia wake na kunyooka mezani. Hii haikufanya hivyo. Ilikuwa imekaa ndani muda mrefu mno, ikatoka na umbo la kikopo chake, imejikunja vile vile, hata pasipo kuta za kuizuia. Nikafuta gundi yote ya zamani, gurudumu baada ya gurudumu, nikapaka mafuta mapya kwa ncha ya sindano. Kisha nikaanza kuikunja ile mpya kuingia ndani ya kikopo, mzunguko baada ya mzunguko, nikiikandamiza kwa dole gumba, na nilipomaliza nikagundua nimeikunja kinyume. Kosa la mwanagenzi wa wiki moja. Nikaitoa yote nikaanza upya.

“Naweza kuvuka sasa?” akauliza.

“Ungeweza tangu siku ile.”

“Sikukuuliza hivyo.”

“Unaweza, Bi Sikitu.”

Hakuinuka. Sikusikia kigoda kikisogea. Nikaendelea, nikaona ncha ya kamani imenasa vizuri kwenye ukuta wa kikopo, nikafunga kifuniko, nikarudisha gurudumu la juu na komeo lake. Mtu akikaa miaka saba anangoja ruhusa, hata ruhusa ikija bado kuna miguu ya kuishawishi. Nilitamani kumwambia fanya haraka, dada yako anangoja, lakini niliona nimekwisha kumpotezea muda wa kutosha na sina haki ya kumhimiza. Nilipoinua kichwa kutafuta bisibisi, alikuwa amesimama kando yangu, mlango uko wazi nyuma yake. Sikuwa nimesikia hatua zake.

“Nilidhani mlango utalia,” akasema, akiutazama. “Hata bawaba haikulia.” Alikuwa mfupi kuliko nilivyomjua, na mvi zake zilianzia mbele. Akaigusa kamani ya zamani pale mezani kwa kidole kimoja, ikatikisika. “Ndiyo hii?”

“Ndiyo hiyo.”

“Nyepesi hivi.” Machozi yalimjaa, akayafuta kwa kiganja, kwa hasira. “Nenda ukawaambie na wao. Hilo tu ndilo ninalolitaka kwako. Samahani yako baki nayo.”

Nikaitia saa ufunguo mizunguko kumi, bila kuuma kijiti. Ikaanza kwenda. Nikaibeba mkononi, nikatoka naye nyuma yangu.

Ukungu ulikuwa umeinuka. Ngazi zote zilijaa watu, vizee wameketi juu ya kanga zao, wanaume wamevua kofia. Kaniki alikuwa ameshanyoosha mkono wa kuipokea saa. Hakumwona shemeji yake, macho yake yalikuwa kwenye mnyororo wa saa.

“Haya, Fundi,” akasema kwa sauti ya kadamnasi. “Marehemu kasema nini?”

“Hakusema kitu,” nikajibu. “Wala hakuna marehemu aliyewahi kusema kitu. Sijawahi kusikia neno ndani ya saa hata siku moja. Yote yale nilikuwa nawatungia.”

Minong'ono ikaanza kupanda kutoka chini. Na Kaniki, ambaye maisha yake yote alikuwa ameandaa maneno, aliona mji unamponyoka kabla hajaushika, akawahi. Akageuka, akainua mikono yote miwili.

“Mmesikia?” akawaambia. “Kaka yangu hakusema kitu. Nyinyi mnamjua kaka, alikuwa mtu wa kukosa neno yule? Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Ikiwa amechagua kunyamaza, basi na sisi ametuagiza tunyamaze. Ndiyo heshima yake ya mwisho hiyo.”

Na wakanyamaza. Walikuwa wamezoea mno. Minong'ono ilikatika ngazi kwa ngazi hadi chini, mwanamke mmoja akaziba mdomo wa mtoto wake, mzee mmoja akaacha kutafuna. Kaniki mwenyewe alikuwa anataka kuongeza jambo, nikaliona limemfika kwenye meno, akakumbuka, akaufunga mdomo. Akaniashiria nimpe saa. Sikumpa. Akaashiria tena, mashavu yamevimba, na hapo ndipo alipomwona Bi Sikitu anapita kando yangu, mikono mitupu, hakuna mlango mbele yake.

Watu wote waliona. Hakuna aliyeweza kusema simama, kwa maana kusema kumekatazwa. Wale wabeba mlango, wanawe Kaniki, walitazamana, wakautazama mlango umebaki ndani, wakamtazama baba yao anayepunga mikono. Bi Sikitu akashuka taratibu katikati ya watu wanaompisha. Nilisikia ndara zake juu ya mawe, moja, moja, na furaha iliyonishika ilikuwa imechanganyika na hofu.

Pale chini ngazi zinagawanyika, nyingine zinakwenda kushoto na nyingine kulia. Alipofika hapo akasimama. Akatazama huku, akatazama kule, akapiga hatua moja kulia, akairudisha. Ndipo nilipoelewa. Miaka saba alitembea akiwa na mbao mbele ya uso, akifuata wanaompeleka. Mji wake mwenyewe alikuwa hajauona. Akageuka kututazama, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikaona amechanganyikiwa.

“Jamani,” akasema, “njia ya kwa Mwaija ni ipi?”

Watu zaidi ya mia walijua, na wote walikaa na midomo yao. Vizee walitazama magoti. Mimi nilikuwa nimeshasema langu, nimeshatubu, ningeweza kukaa nikaona nimemaliza. Kaniki alinikazia macho na kidole amekiweka mdomoni. Nikahisi kimya kile cha zamani kinanirudia, kitamu, kinachonijua jina.

“Ya kushoto,” nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia. “Ya kushoto, Bi Sikitu.”

Hakuna kilichotokea. Jua halikusimama. Mtoto mmoja akapiga chafya. Kisha kizee mmoja karibu nami, bila kuinua uso, akasema, “Apite kisima cha chini. Cha juu kina tope.” Mtu mwingine akasema akifika kwa mshona viatu akunje, mwingine akabisha, akasema asikunje, anyooshe mpaka kwenye ukuta wa kijani. Kaniki alikuwa anazunguka akitafuta nani aliyesema.

Ndipo Hiza, mwanawe mkubwa, aliyeubeba mlango upande wa kushoto kwa miaka yote saba, akaweka mikono yake mdomoni akaita chini.

“Mama mkubwa! Pale kwa muuza chumvi kuna ngazi mbili zimevunjika. Tulikuwa tunakuinua, ndiyo maana huzijui.”

Bi Sikitu akainua pindo la kanga yake. “Asante, mwanangu,” akasema, akashika njia ya kushoto, akishuka huku anatazama miguu yake.